Magunia ya Kona ya Mto

Jumamosi, 1 Machi

Msichana anayeitwa Immaculate amenipigia simu kutoka kwa lile shirika linalosimamia Siku ya Mto kule Gatwekera. Wanaandika kijitabu cha historia ya siku hiyo, na mtu fulani amemwambia kuna mzee mmoja fundi, siku hizi anaishi Kawangware, anayekumbuka mwanzo wake. Nikamwambia mimi sikumbuki mwanzo, mimi ndiye mwanzo. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Nimepita kituo cha 56 nikanunua daftari la kurasa tisini na sita. Kijitabu chao waandike wanavyotaka. Mimi nitaandika changu kuanzia leo mpaka masika yaishe, kila jambo na tarehe yake, kama ninavyofanya kazini: siku gani ukuta ulipandishwa, siku gani simiti ilimwagwa. Mtu akibisha nitamfungulia ukurasa.

Jina langu Wanzala. Nilitoka Funyula na mwiko mmoja na timazi. Leo nina kiwanja cha kukodi Gatina, tunafyatua bloki mia nne kwa siku, watu watano wananifanyia kazi. Hakuna aliyenishika mkono. Na hiyo siku wanayovalia tisheti, niliianzisha mimi pamoja na Aluoch. Kwenye bango limeandikwa jina la Aluoch peke yake.

Jumatatu, 3 Machi

Bloki 410. Jua kali. Immaculate hajapiga tena.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike mwanzo wenyewe kabla sijashikwa na kazi.

Miaka minane iliyopita nilikuwa mpangaji Gatwekera, nyumba ya udongo, mlango unatazama mto. Aluoch alikuwa jirani, mshonaji, mjane kutoka Nyakach, mwenye binti mmoja, Adhis. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa mlangoni kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga. Siku hizo mambo yalikuwa hivi: mvua ikianza kupiga mabati, kila mtu anatoka na taka yake anaimwaga mtaroni, maji yaichukue. Ilikuwa desturi. Hata mimi nilimwaga. Mwaka ule mtaro ulikataa. Maji yalirudi nyumbani kwa Aluoch yakapanda mpaka kwenye kanyagio la cherehani, na sare kumi na nne za shule alizokuwa ameshonea wazazi zikaelea.

Asubuhi nilimkuta anazianika. Hakuwa akilia. Akaniambia, "Omera, ndugu yangu Wanzala, maji yameniletea taka ya milango thelathini. Naijua ya kila mtu. Ile ya kwako ina vichwa vya omena."

Nilikuwa na magunia matupu ya nailoni, yale tunayobebea mchanga. Nikamwambia tufanye hivi: kabla mvua haijakolea, kila mtu ajaze gunia moja tu. Gunia moja halimshindi mtu. Tukachagua Jumamosi ya mwisho ya Machi. Tulipita mlango kwa mlango, yeye akiongea Kijaluo, mimi Kiluhya, na kwa wengine Kiswahili. Walikuja watu kumi na tisa, tukajaza magunia thelathini na moja. Tukaiita Siku ya Gunia.

Lori la kukodi tuliloahidiwa halikutokea. Kufika saa kumi watu wamechoka, wote wananitazama. Pale chini mto unakata kona, na kila masika ile kona ilikuwa inakula ardhi. Nikasema, "Wekeni hapa. Mpange kama mawe, yafungane. Yatazuia maji, na taka haitatoka." Wakapanga. Nilikagua kwa jicho, mstari umenyooka.

Mwaka uliofuata magunia 74, hapo hapo. Halafu 162. Kona ikageuka kiwanja. Aluoch alipofukuzwa na mwenye nyumba, nilimwaga udongo juu ya magunia, nikashindilia, nikamjengea chumba kwa mikono yangu bila kumdai chochote. Fito, udongo, plasta ya simiti ndani na nje. Wengine wawili wakajenga kando yake. Aliniuliza mara moja tu kama pale ni imara. Nikamwambia ni imara.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa mke wangu Kavetsa ameniuliza ninaandika nini siku hizi. Nikamwambia historia ya Siku ya Gunia.

Akaendelea kuchambua majani ya mrenda. "Baba Duncan, ungemsalimia tu huyo mama, ungeokoa kurasa nyingi."

Miaka ishirini na tatu ya ndoa, na bado hajui kukaa upande wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Immaculate amekuja kiwanjani mwenyewe, viatu vyeupe kwenye vumbi la simiti. Ana adabu na anauliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliniambia dunia nzima ina siku yake, tarehe 22 Aprili, na kwamba ilianzia Amerika zaidi ya miaka hamsini iliyopita watu walipochoka na uchafu wa mito na hewa. Nikamuuliza kama kule pia kuna waanzilishi waliofutwa. Akasema, "Mzee, siku kama hizo zote zina watu waliosahaulika." Jibu zuri. Halikunisaidia.

Nilimpa hesabu: 31, 74, 162, mwaka wa korona hapana, 240, 388, 510, 611. Lori lilikuja mwaka mmoja tu kati ya hiyo, likachukua magunia 160. Kwenye kona yamebaki 1,856. Alishangaa kwamba nayajua ya miaka ambayo sikuwepo. Si wao wenyewe huyachapisha kwenye bango?

Hakuniuliza kwa nini sikuwepo, na sikumwambia. Niandike hapa. Miaka mitatu iliyopita shirika lake lilikuja, likabadilisha jina ikawa Siku ya Mto, likaleta tisheti na spika. Wiki hiyo hiyo Aluoch alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza nani alianzisha jambo hili. Akasema, "Ni mimi." Nilikuwa hapa kiwanjani, redio imewashwa, wafanyakazi wote wanasikia, na wote nilikuwa nimewahadithia. Wepukhulu, msimamizi wangu, aliniangalia, kisha akaangalia mchanga.

Nilimpigia Aluoch nikamwambia ameniuza. Akasema, "Fundi, njoo tuongee. Si kwa simu." Sikuenda. Hatujaongea tena.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Dakika kumi na mbili. Vumbi limelala tu.

Jumanne, 25 Machi

Osewe, mwenyekiti wa kamati ya Siku ya Mto, ametuma kadi ya mwaliko kwenye simu. Imeandikwa: Mgeni, Mzee Wanzala. Mgeni.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda kwa miguu, saa moja na dakika tano kutoka Gatina. Nilivaa shati langu la kazi makusudi.

Watu wamejaa mpaka kwenye daraja. Spika nne. Siku yangu ya watu kumi na tisa sasa ina watu zaidi ya mia tano, na sitaki kusema uongo: nilipowaona wakiteremka na magunia mabegani, kifua kilinijaa. Wengi wao hawajui kwamba ile sheria ya gunia moja ilitoka mdomoni mwangu, lakini wanaifuata.

Aluoch alikuwa jukwaani. Amezeeka. Aliponiona alishuka, akaja mpaka niliposimama.

"Fundi. Umekuja kama mgeni."

"Si kadi imeandika hivyo?"

Akatabasamu kidogo. "Ukimaliza kukasirika, upite kwangu. Kuna kitu nataka kukuonyesha."

Kabla sijajibu wakamwita kwenye maikrofoni. Sikumngoja. Nilizunguka nyuma ya nyumba yake peke yangu, na nadhani nilikiona alichotaka kunionyesha. Ufa unaanzia kwenye pembe ya dirisha unashuka mpaka chini. Juu unaingiza vidole viwili. Nilitoa timazi mfukoni nikaishikilia: ukuta umeinama kuelekea mtoni kwa upana wa kidole gumba. Nikachungulia chini. Magunia ya safu za kwanza, yale niliyoyakagua kwa jicho, yamepasuka, plastiki zinaning'inia kama utumbo. Ile mvua kubwa ya mwaka jana haikuangusha nyumba, na watu wakasifu ujenzi wangu. Kumbe ilikuwa inakula chini.

Mchana lori lilikuja. Likapakia magunia arobaini, likapigwa picha, likaondoka. Mwaka huu yamejazwa 702. Yakabaki 662. Osewe akanijia akijifuta jasho.

"Niaje mzee. Lori ndiyo hiyo imeenda. Hizi tuziweke kona kama kawaida, ama?"

Gunia lililojaa lina kilo thelathini. Mara 662 ni kilo 19,860. Karibu tani ishirini, mgongoni mwa ukuta ambao tayari umeanza kutembea. Nilimaliza hesabu kabla hajafunga mdomo.

Nikamwambia, "Mimi ni mgeni. Muulize mwenye siku."

Akatazama jukwaani, Aluoch yuko tena kwenye maikrofoni. "Ah, wacha tu. Kama kawaida."

Wakaanza kupanga. Nikaondoka.

Wana shirika, wana kamati, wanaweza kutafuta injinia. Nilitoa jasho miaka mitano bure. Si kazi yangu.

Jumapili, 30 Machi

Sikulala vizuri. Labda ni miguu, ile njia ni ndefu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu jana jioni mpaka saa tatu asubuhi. Bloki sifuri. Saa nne na dakika kumi Aluoch amenipigia. Miaka mitatu, ndiyo leo anakumbuka namba yangu. Bila shaka wanataka picha ya kijitabu. Sikushika.

Jumapili, 6 Aprili

Kavetsa aliona jina la Aluoch kwenye simu. "Alikuwa anataka nini?"

"Sijui. Sikushika."

"Basi ulijuaje hukutaka kulisikia?"

Nilitoka nje kuangalia matundu ya bati.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya pili. Bloki za juzi zimemomonyoka kingo, sitini za kutupa. Aluoch amepiga saa saba mchana. Sikushika. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikanyamaza.

Ijumaa, 11 Aprili

Immaculate ametuma kijitabu nikisome kabla hakijachapishwa. Ukurasa wa kwanza, picha ya Aluoch: Mwanzilishi. Ukurasa wa nne: "Fundi mmoja mkazi wa eneo hilo alisaidia kupanga magunia." Fundi mmoja. Sina hata jina.

Nilikasirika mpaka nikakosea kipimo, nikatia simiti mara mbili. Wepukhulu akasema taratibu, "Mkubwa, hii imekuwa ukuta wa jela." Nilimtukana. Jioni nimemwomba radhi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kila siku tangu Ijumaa. Aluoch amepiga mara mbili, saa mbili asubuhi na saa sita. Ya pili ililia sana. Sikushika.

Lakini nimeanza kufikiria zile tani ishirini. Hesabu yangu ilikuwa ya siku ile. Magunia yakinyeshewa wiki mbili hayabaki kilo thelathini.

Nimeamua. Ijumaa Kuu hakuna kazi. Nitakwenda na Wepukhulu, mwiko, na nguzo tatu za kuegemeza. Nitamwambia ahame kwanza, kisha ndiyo tugombane vizuri. Kabla ya hapo siwezi, kuna bloki mia nane za kanisa la Gatina lazima zitoke Alhamisi. Ni siku nne tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Kona imeenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuna aliyekufa. Ninaanza na hilo kwa sababu nimejiambia hivyo siku mbili.

Ilikuwa Alhamisi saa tisa na nusu mchana, ndiyo tunapakia bloki za mwisho za kanisa. Osewe alipiga. Ile sauti yake ya maikrofoni haikuwepo. "Mzee, kona imebomoka. Mama Adhis yuko chini ya cherehani."

Niliruka kwenye boda mpaka juu Gatwekera, nikateremka mbio hata nikapoteza kiatu kimoja. Pale palipokuwa na vyumba vitatu pamebaki nusu ya kimoja, cha Aluoch. Wapangaji wa vyumba vingine walikuwa vibaruani, vyumba vyao vikaenda bila mtu ndani. Aluoch hana kibarua cha kwenda, kibarua chake kiko pale pale. Alikuwa ameketi anakanyaga, sakafu ikamkimbia, cherehani ya chuma ikaanguka juu ya mguu wake wa kulia, na magunia yakafuata.

Walikuwa wameshamtoa. Wanaume sita wamembeba juu ya mlango. Uso wote matope, macho yamebaki. Akaniona.

"Fundi," akasema. "Umefika."

Si kwa ubaya. Ni kama mtu anayetaja saa.

Walimpandisha kuelekea barabarani na binti yake Adhis akamfuata akiwa ameshika kiatu cha mamake. Mimi sikuwafuata. Nilibaki nikifukua, nikisema natafuta vitu vyake, nguo, mkasi. Ndipo nikaona kipande cha ukuta kimelala chali, ile pembe ya dirisha, upande wa ndani ukitazama juu. Plasta yangu, naijua. Ufa umekatiza katikati. Na juu ya ufa kulikuwa na madoa manne ya simiti, kila doa kama sarafu kubwa, yamepangwa kutoka juu kwenda chini.

Hii ni kazi ya mafundi. Ukitaka kujua kama ukuta umetulia au unatembea, unaweka doa la simiti juu ya ufa na kuandika tarehe. Doa likikaa zima, lala usingizi. Likipasuka, ukuta unatembea. Aluoch aliniona nikifanya hivyo kwenye nyumba za watu miaka mitano. Kando ya kila doa ameandika kwa chaki yake ya kukatia nguo. Maandishi madogo, yamenyooka kama pindo.

29/3. 3/4. 9/4. 14/4.

Yote manne yamepasuka.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari hili. Doa la kwanza aliliweka siku ile niliyoondoka bila kumngoja. Lilipopasuka tarehe 3, alinipigia, kisha akaweka jingine. Lilipopasuka tarehe 9, alinipigia. Tarehe 14, mara mbili. Daftari langu na ukuta wake havikukosana hata siku moja. Nililinunua ili nimfungulie mtu ukurasa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kavetsa alikwenda kanisani peke yake. Aliporudi aliniwekea chakula, akakaa kando yangu. Bora angenigombeza.

Jumanne, 22 Aprili

Immaculate ametuma ujumbe: "Heri ya Siku ya Dunia, mzee." Nadhani anawatumia wote. Sikujibu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda hospitalini. Nilisimama mlangoni mwa wodi mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea.

Mguu umewekwa vyuma. Daktari amemwambia atatembea kwa gongo. Kukanyaga cherehani, hapana. Adhis aliponiona alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na chupa ilikuwa imejaa.

Nilijaribu kusema pole. Akanikata.

"Ile siku ulipima?"

"Nilipima."

"Ilikuwa ngapi?"

"Vidole viwili juu. Ukuta umeinama kidole gumba."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kipimo cha kiuno. "Nilikuona kupitia upenyo wa mabati ya nyuma ya jukwaa, ukitoa timazi. Nikasema, sawa, fundi ameona. Ikiwa mbaya, atasema. Ulipoondoka bila kusema, nikajua bado kuna muda."

Nilivuta kiti cha wageni, nikaketi.

"Nikaweka simiti kama wewe. Ikapasuka, nikakupigia uniambie kupasuka mara moja ni kubaya ama ni kawaida. Hukushika. Nikasema, angekuwa na wasiwasi angeshika. Adhis alitaka nihame. Nikamwambia, huyu mtu ndiye alijenga, na amekuja kuangalia kwa macho yake." Akageuza uso ukutani. "Ungeniambia hata kwa matusi, Wanzala. Ningeyasikia matusi, ningehama."

Mwishowe nilimuuliza kuhusu ile redio, kwa sababu hata pale, hata mbele ya ule mguu, bado jambo lile lilikuwa limenikaa rohoni. Nina aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alinitazama kama nimemuuliza jambo la zamani sana. "Wewe bado uko hapo? Wiki ile watu wa ofisi ya mazingira walikuwa wamekuja na karatasi, wanauliza nani aliamuru mto ujazwe taka. Wewe ndiyo ulikuwa umepata kiwanja. Ungetajwa, wangekuandama mpaka ukifunge. Mimi wangenichukulia nini, sindano? Nikawaambia ni mimi nilianzisha, yote, mwanzo mpaka mwisho. Redio ikauliza wiki hiyo hiyo, ningesema tofauti? Baadaye shirika likaona jina langu kwenye ile karatasi, likaliweka kwenye bango."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia uje tuongee. Si kwa simu."

Jumamosi, 3 Mei

Mkutano wa kamati Gatwekera, ndani ya kanisa la mabati. Watu hamsini na wawili. Immaculate alikuja na kijitabu kimerekebishwa. Aluoch amemweleza yote akiwa kitandani. Akanipa ukurasa wa kwanza. "Mwanzilishi mwenza: Fundi Wanzala." Picha yangu, ile aliyonipiga kiwanjani, nimeshika mwiko.

Miaka mitatu nimeutaka mstari huo. Niliusoma mara mbili, kisha nikasimama nikaomba uongezwe chini yake maneno haya: kwamba magunia yaliwekwa kwenye kona kwa amri yangu, kwamba nyumba niliijenga mimi juu ya taka nikasema ni imara, na kwamba tarehe 29 Machi niliuona ufa, nikaulizwa, nikanyamaza.

Immaculate akasema kwa upole, "Mzee, kijitabu ni cha kuwapa watu moyo."

"Basi wapeni na hili. Mwakani mtu mwingine atasema wekeni hapa."

Osewe akaninong'oneza, "Mzee, unajimaliza. Hata mimi niliwaambia waweke."

"Wewe hukujua. Uliniuliza mimi ninayejua."

Nyuma akasimama mama mmoja, mpangaji wa chumba cha pili. Hakupaza sauti. "Kwa hivyo kitanda changu, na vyombo vyangu, ulijua vinaenda, ukatembea ukaenda kwako?"

"Ndiyo, mama."

Alingoja niongeze kitu. Akaketi.

Nilitaja hesabu. Kwenye kona kulikuwa na magunia 2,518. Mto umechukua mengi, mengine yameziba darajani. Nimehesabu safu: yaliyobaki ni kama 1,740, na yote lazima yatoke. Lori linaloniletea kokoto kila Jumamosi hurudi tupu, litakuwa linapitia hapa, mpaka jalalani. Nikawaambia ni gunia moja kila mtu, mwenye nguvu arudie. Hawakupiga makofi. Wachache waliandika majina.

Jumamosi, 10 Mei

Watu tisa. Magunia 46. Osewe amekuja. Magunia ya chini ni mazito na yananuka hata kupitia kitambaa cha puani. Nimelitambua moja la mwaka wa kwanza, lina alama ya site yangu ya zamani.

Jumamosi, 17 Mei

Magunia 83. Mvua nyembamba. Yule mama wa chumba cha pili alikuja, akabeba lake moja, akaondoka bila kunisalimia.

Jumamosi, 24 Mei

Magunia 97. Kijitabu kimetoka. Maneno yangu wameyaweka, mafupi, ukurasa wa mwisho. Immaculate alipigania hilo, nimesikia.

Jumatano, 28 Mei

Aluoch ametoka hospitalini, yuko kwa Adhis. Ijumaa wanakwenda Nyakach, huenda asirudi. Niliichukua cherehani yake kutoka kwenye matope mwezi uliopita, nikaitoa kutu, nikaipaka mafuta. Kavetsa ndiye aliyewaza: alinikumbusha kwamba mamake alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Nimetafuta mkono wa kuzungushia kwa mafundi watatu 56 mpaka nikaupata, nikaondoa miguu ya chuma, nikaifunga juu ya kibao.

Nilimpelekea. Hakusema asante, na sikuitarajia. Alivuta kiti, akatia uzi, akachukua kipande cha kitambaa, akazungusha mkono. Akashona mstari mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Inavuta kushoto."

Nikatoa bisibisi. Nilirekebisha mara tatu mpaka mstari ukanyooka. Mara ya tatu hakuutazama sana, aliikunja kazi yake akaiweka pembeni. Wakati naondoka akauliza, "Yametoka mangapi?"

"Mia mbili ishirini na sita."

"Mia mbili ishirini na sita," akarudia, kama anayapima. "Utaniambia yakiisha."

Jumamosi, 31 Mei

Jua limetoka tangu Alhamisi, nadhani masika yameisha, na kurasa zilizobaki ni nyingi.

Watu ishirini na wanne. Magunia 112. Jumla 338. Yaliyobaki 1,402. Kwa mwendo huu ni Jumamosi kumi na mbili na nusu. Niseme kumi na tatu.

Saa kumi kamili nimempigia Aluoch kumpa hesabu ya leo. Ililia mpaka ikakatika. Hakushika.